Kuagwa Kabla ya Viza

Tulipokuwa tukitoka makaburini baada ya kumzika Anti Koki, mdogo wake mama, mwanamke mmoja mnene mwenye kitambaa cheusi kichwani alinishika mkono kutoka nyuma akaniita jirani. Niliikumbuka sauti kabla ya kuukumbuka uso. Alikuwa Pamela. Tuliishi yeye na mimi katika ua mmoja pale Komarock kwa karibu mwaka mzima, mlango wake ukitazamana na mlango wetu, na katika mwaka huo wote hatukusalimiana hata siku moja. Alicheka mpaka akafuta machozi, na hayakuwa ya msiba. "Jirani wa majuu," akasema, "kumbe siku hizi unasalimia watu!" Waliokuwa karibu walidhani ni utani tu wa watu waliokutana baada ya miaka mingi. Mimi pia nilicheka, maana Pamela ana haki ya kunicheka, lakini nilipoketi ndani ya gari nilifungua dirisha, halafu nikafungua la pili, na dereva akaniuliza kama nasikia joto.

Siku hizi ninafanya kazi chuo kikuu, katika ofisi inayoshughulikia kile ambacho wakubwa wanakiita uhamaji wa wanafunzi na wahadhiri. Ni jina zito kwa jambo jepesi. Mtoto wetu anaenda kusoma kwao muhula mmoja au mwaka, mtoto wao anakuja kusoma kwetu, na mara moja moja mhadhiri naye anapata nafasi ya kwenda kufundisha huko, akarudi na koti zuri na maneno mengi kuhusu maktaba zao. Vijana wanapoingia ofisini kwangu na barua za kukubaliwa, nyuso zikiwaka, mimi huwauliza swali moja kabla ya pongezi. "Mmeshaagwa?" Wengi hucheka. Wachache huinamisha vichwa, na hao ndio huwafungia mlango nikawaambia waisimamishe hiyo sherehe hata kama mbuzi ameshafungwa kamba. Najua wananiita mama mkwe. Wacha waniite. Hawajui ninawaepusha na nini, na sijawahi kuwaeleza, kwa sababu ni aibu mtu wa uhamaji kusema kwamba katika mwaka wake wa uhamaji alihama kutoka Jericho hadi Komarock, mtaa hadi mtaa hapo hapo Nairobi.

Kwetu mtu haendi tu. Anaagwa. Nilipochaguliwa nilikuwa mwaka wa tatu, nikisoma jiografia, na nchi niliyopangiwa sitaitaja. Haikunikosea kitu, ni mimi ambaye sikuifikia. Mama alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, na kwa karani hakuna jambo duniani lisilomalizwa na muhuri. Niliposema tungoje kwanza viza itoke, alinitazama kwa huruma. "Viza ni muhuri tu, Mwende. Barua ya chuo iko, barua ya huko iko. Sasa muhuri ni nini?" Isitoshe, Mama Akinyi, jirani yetu na mwenyekiti wa kikundi cha maombi, alikuwa anajiandaa kwenda kwao Siaya kwa muda, na hakuna mtu pale Jericho aliyeweza kufikiria maombi ya maana bila Mama Akinyi. Kwa hiyo nikaagwa Jumapili, na ubalozini nilikuwa nimeitwa Alhamisi.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, na siku hiyo sijui watu wote wale waliingia wapi. Viti vilitoka kila nyumba ya mstari wetu, kila kimoja kimeandikwa jina la mwenyewe chini kwa rangi. Kulikuwa na pilau, chapati zilizokunjwa robo robo, na soda za rangi zote. Mama Akinyi aliniwekea mikono kichwani, mikono mizito inayonukia vitunguu, akaomba dhidi ya baridi, dhidi ya ndege kuanguka, dhidi ya vyakula visivyoeleweka na dhidi ya Mzungu yeyote mwenye nia mbaya. Akina mama walikuwa wamenifumia sweta la buluu, zito, na wakalitaka nilivae papo hapo. Nilikula pilau nikitokwa jasho huku wanapiga vigelegele. Chumba cha ndani, nyuma ya pazia, alikuwa Susu, nyanya yangu, mama yao Mama na Anti Koki, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha na alikuwa hatoki kitandani ila kwa kushikwa. Nilipoingia kumuaga, alinifungua kifungo cha juu cha sweta, akanitemea mate kidogo kifuani kama wanavyobariki wazee wa Kikamba, akakifunga tena. "Uende urudi," akasema. Nilihamia Komarock Jumatano kwa Anti Koki na sanduku langu, maana mume wake alikuwa dereva na ndiye angenipeleka uwanja wa ndege.

Alhamisi ubalozini walinisikiliza kwa adabu, wakanirudishia pasipoti ikiwa tupu. Walisema hawakuridhika kwamba nikishamaliza masomo ningerudi nyumbani. Nilikuwa msichana ambaye hajawahi kulala nje ya Nairobi isipokuwa Machakos kwenye likizo, na mtu aliyekaa nyuma ya kioo aliangalia makaratasi yangu akaona mtu ambaye hatarudi nyumbani. Na kweli, jioni ile sikurudi. Nilimpigia Mama simu kutoka kibanda cha barabarani nikilia, nikamwambia nakuja Jericho. "Usikanyage huku," akasema. "Wamekuaga, Mwende. Wamekuombea. Sasa utarudi hapa ukiwa nani?" Hakuwa mkali. Alikuwa na hofu, na hofu ya Mama ilinishinda kuliko ukali wake. Ni neno lisilo na huruma hilo la kuaga. Aliyesafiri ameaga, na aliyekufa ameaga, na wote wawili hawatarajiwi kuonekana kesho yake kwenye kibanda wakinunua sukuma.

Ilikuwa iwe wiki mbili. Mama angeniandikia ombi la kukata rufaa, na mimi ningengoja kwa Anti Koki. Chuoni hapakuwa na pa kurudi. Nilipoenda kuuliza, mama wa ofisi, kwenye kiti hikihiki ninachokalia leo, alinionyesha kwamba nimeshaandikwa kuwa niko nje hadi mwaka ufuatao. Kitanda changu cha bweni alikuwa amepewa msichana aliyetoka kule nilikokuwa niende, mwenzangu wa kubadilishana naye. Yeye alifika salama. Nilimwona kwenye ngazi za bweni, amejifunga leso yenye maandishi kiunoni, anakula muhindi wa kuchoma, na nilimchukia kwa moyo wangu wote, maskini, ambaye kosa lake lilikuwa kupewa viza. Walituita sisi wawili mabadilishano. Ninapokumbuka hasira ile huwa najicheka, halafu hasira yenyewe inarudi kidogo, na kicheko kinakatika.

Rufaa ilikataliwa. Mama akasema tujaribu tena muhula wa Januari. Wiki mbili zikawa miezi, na bila mtu yeyote kuamua, nikawa ninaishi majuu. Shida kubwa ilikuwa Pamela. Alikuwa mdogo wake Mama Akinyi, ameolewa hapo Komarock, nyumba inayotazamana na ya Anti, na siku ya kuagwa kwangu ndiye aliyepakua pilau. Angeniona mara moja tu, Jericho nzima ingejua kabla ya chai ya saa kumi. Kwa hiyo nilikaa chumba cha nyuma. Kilikuwa na kitanda, cherehani mbovu, magunia mawili ya mahindi kutoka kwa mashemeji, na dirisha moja lililotazama ukuta wenye vipande vya chupa juu yake. Jua liliingia saa nne, likapanda juu ya magunia, likatoka. Nilijifunza kupiga chafya ndani ya mto. Nilijifunza sauti ya kila kufuli ya ua ule. Mlango wa mbele ulipogongwa, Anti alikuwa akipaza sauti kuliko inavyohitajika, "Karibu, Pamela!", na mimi naacha nilichokuwa nikifanya, hata kama ni kijiko kilichofika nusu ya njia, nakaa hivyo hivyo mpaka aondoke. Anti alinipikia vizuri, sitamsingizia marehemu. Muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, uliotokoseka mpaka ukalainika, ugali na sukuma, chapati Jumapili. Lakini sahani nililetewa chumbani, na mtu anayeletewa sahani chumbani kila siku, akiwa mzima, anaanza kujihisi mgonjwa. Nilinenepa na kupauka kwa pamoja. Anti aliniangalia siku moja akasema, kwa nia njema kabisa, "Sasa hata unaanza kukaa mtu wa huko."

Kupitia ukuta ndipo nilipoishi maisha yangu mengine. Pamela alikuwa anapenda kuja kuketi, na mazungumzo yake hayakukosa mimi. "Yule msichana wenu ana bahati, yawa," nilimsikia akisema huku chai inamiminwa. "Dada yangu anasema ameshaanza kuongea kama wao." Anti akajibu, "Anajaribu." "Na ataolewa huko, utaona. Hawarudi hao. Wakionja ile maisha, hawarudi." Nilikuwa nimekaa kitandani nimevaa ndala za kamba mbili miguuni, nimeshika bakuli la njegere ninazozimenya, na nilitaka kutoka nimuulize Pamela ni maisha yapi hasa nimeyaonja. Nilimenya njegere. Kuna uchungu wa aina yake kumsikia mtu akikuonea wivu kwa jambo ambalo nawe unalionea wivu.

Mama alikuja Jumamosi chache, akijifanya amekuja kumsalimia dada yake, na ni katika mojawapo ya Jumamosi hizo alipoleta wazo la simu. Kikundi cha maombi kilitaka kunisikia. Ningepiga kwa simu ya Anti, namba ikiwa imefichwa, na Mama angeweka sauti ya juu watu wote wasikie. Nilikataa. Mama akaniambia, "Wanakuombea kila Jumatano, Mwende. Huoni hata salamu wanastahili?" Ulikuwa uongo uliovaa adabu. Jumatano alasiri nikapiga. Nilisikia viti vikisogezwa, mtoto akinyamazishwa, halafu Mama Akinyi akija karibu na simu kama anayetaka kuingia ndani yake.

"Mwende! Unatusikia? Huko ni saa ngapi?"

"Tuko nyuma kidogo, Mama Akinyi."

"Nyuma na masomo?"

"Nyuma na saa."

Wakacheka wote, wakanipigia makofi. Nikaanza kuwaeleza kuhusu theluji, niliyokuwa nimeisoma kwenye kitabu cha jiografia, na nilikuwa naendelea vizuri mpaka mtu wa mali mali akapita nje ya ukuta, wale wanaobadilisha nguo kuukuu kwa vyombo vya plastiki, akiita kwa koo lote: "Mali mali! Leta viatu kuukuu, chukua beseni!" "Ni nani huyo anauza beseni majuu?" Mama Akinyi akauliza. Nilisema ni Mkenya mwenzetu, anatuchekesha tu, amekumbuka nyumbani. "Woi, maskini," akasema, na papo hapo wakainamisha vichwa wakamwombea yule Mkenya aliyekumbuka nyumbani, wakimwombea afarijiwe, wakimwombea afike kwao. Nilikaa kwenye gunia la mahindi simu ikiwa sikioni nikalia bila sauti, na niliposema amina sauti ilitoka nene, wakasema ni baridi. Mwisho wakampa Susu simu. Yeye hakuuliza habari za theluji. Aliuliza tu, "Unakula?" Nikasema nakula, Susu. Akarudisha simu.

Susu hakuwa ameambiwa. Mama alisema hajui kuficha kitu, na ilikuwa kweli. Lililoingia sikioni mwa Susu lilitoka mdomoni mwake kabla ya jua kutua. Januari ubalozi ulikataa tena, na baada ya hapo hata Mama hakutaja tena viza. Tuliacha kungoja niende, tukaanza kungoja nirudi. Mpango ulikuwa mwaka wa chuo uishe, tununue chokoleti mjini, mume wa Anti anipeleke Jericho na sanduku kana kwamba tumetoka uwanja wa ndege, na akina mama waimbe. Kila mtu aliuona ni mpango mzuri. Mimi nilikuwa nimeacha kuwa na maoni. Nilikuwa naamka, naliangalia jua likipanda juu ya magunia, nalala tena mchana. Watu huniuliza mbona sikufungua tu mlango, maana haukuwa na kufuli upande wa nje. Nilimpenda Mama, na kila nilipofika mlangoni niliuona uso wake mbele ya wale wanawake.

Halafu, siku moja ya mvua, Pamela akaja kuketi. Nilikuwa nimeganda kama kawaida, kitana kikiwa kichwani. "Koki, mama yenu anaendeleaje?" akauliza. "Dada yangu anasema sasa hamezi hata uji." Anti akasema kitu cha chini chini. Pamela hakuwa mtu wa kuelewa mambo ya chini chini. "Na anamwita tu yule wa majuu. Mwende, Mwende, siku nzima. Si mumpigie mtoto simu aje? Wana pesa hao, si atakatiwa tiketi?" Kikombe kiliwekwa mezani. Anti akasema, "Tutaona, Pamela." Nilingoja mpaka mlango wa mbele ufungwe, na wa pili yake, wa Pamela, ufungwe pia. Ndipo nikatoka nikasimama sebuleni.

"Ameanza kuugua lini?"

Anti alikuwa bado ameshika birika. "Mama yako alisema tusikuambie," akasema. "Alisema ukijua, utaenda."

"Basi ananijua," nikasema.

Hakunizuia. Alinifuata mpaka chumbani akanitazama nikivaa viatu, ambavyo vilikuwa vimenibana kwa kukaa bila kuvaliwa, akaniuliza nitasema nini nikifika. Nilitoka mchana kweupe, nikapita mbele ya mlango wa Pamela uliokuwa wazi, na nikasikia kitu kikianguka ndani. Mvua ilikuwa imekatika na kila kitu kilikuwa kinang'aa mno, macho yaliniuma. Nilitembea nikiwa nimeshika ukuta kama aliyetoka hospitali. Niliposhuka matatu pale Jericho, vijana waliokaa kwenye kona yao karibu na kinyozi waliruka juu wote kwa pamoja. "Aki si huyo ni Mwende wa majuu? Niaje! Umelandi lini?" Nilipita. Mmoja akasema, "Eish, ashakuwa na madharau," na wengine wakamuunga mkono.

Nyumbani kulikuwa na akina mama tayari, wameketi wakiimba kwa sauti ya chini. Niliposimama mlangoni wimbo ulikatika mstari mmoja mmoja, kadiri kila mmoja alivyoniona. Mama Akinyi alikuwa kwenye kiti kikubwa, kitabu cha nyimbo mapajani. Mama alinyanyuka upesi, uso umemwisha rangi, na kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshaanza. "Amepewa ruhusa," akawaambia, akicheka kicheko ambacho si chake. "Kuja kumwona nyanya yake. Amefika na ndege ya asubuhi." Mtu akasema wazungu wana utu jamani, ruhusa ya nyanya, kazini kwetu hapa hata ya mama mzazi hupewi. Nilimpita Mama bila kumtazama, nikafungua pazia.

Susu alikuwa amebaki mdogo sana ndani ya blanketi. Nilimshika mkono, akaupapasa wangu, kidole kimoja kimoja, akanijua. Akauliza vile anavyoulizwa mgeni yeyote aliyeingia nyumbani, kwa Kikamba, bila hila yoyote.

"Mwende. Umetoka wapi?"

"Ametoka majuu, mwaitu," Mama akamjibu mamake nyuma yangu. "Kwa ndege."

"Sijakuuliza wewe. Nimemuuliza Mwende."

Pazia lilikuwa wazi. Wanawake wote walikuwa wananiona, na wale wasiojua Kikamba walijua jina la mahali likitajwa. Nilimgeukia Mama. Alikuwa ameshika ukingo wa pazia kwa mikono miwili, na alikuwa ananiomba kwa macho, yule mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akimwomba mtu kitu. Nilimkasirikia na kumhurumia kwa mpigo mmoja, na nilijua kwamba nikisema majuu mara hii tu, kwa Susu, kitandani kwake, sitaweza tena kurudi nyumbani hata wakiniimbia.

"Komarock, Susu."

"Umekaa huko wakati huu wote?"

"Wakati wote. Kwa Koki."

Alifikiri. Nilisikia maji ya mvua yakidondoka kwenye bati. Hakuonekana kukasirika, alikuwa anajaribu tu kuelewa, kama ningetaja mji asioufahamu.

"Kwani ni mbali?"

Nilijaribu kumwambia hapana. Nilianza, na kilio chote nilichokuwa nimekimezea ndani ya mto pale chumba cha nyuma kikatoka mbele ya watu, bila aibu.

"Ni mbali sana, Susu."

Mama alikuwa amejifunika uso kwa leso. Halafu kiti kikubwa kikalia, na nikajua bila kugeuka kwamba Mama Akinyi amesimama. Nilisikia hatua zake nzito zikija, nikainamisha kichwa kungoja tutakachoambiwa mimi na Mama, na ambacho tungestahili. Alimpita Mama, akavuta stuli kutoka chini ya meza, akaisukuma hadi kando ya kitanda.

"Nyinyi hapo mlangoni, sogeeni," akawaambia wenzake. "Na mmoja apashe chai moto. Mtoto ametoka mbali."